Mdomo wa Mjomba Obadiah

Sylus Mwashigadi hanywi kitu mbele za watu. Mkaribishe chai pale Voi, karibu na stendi, atakushukuru, atakaa, atakuuliza habari za nyumbani, na chai itapoa mbele yake mpaka ifanye utando. Si maringo. Kwa miaka kumi na moja watu walimwona kwenye runinga akijaza chai mdomoni na kuirusha, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Siku hizi akiinua kikombe tu, meza za jirani hunyamaza. Mama wa chapati hugeuka na mwiko mkononi. Kuna mmoja tayari ametoa simu. Wote wanangoja, na mtu hawezi kumeza vizuri akingojwa hivyo.

Jina lake wengi hawalijui. Wanamwita Mzee Chururu, soja wa ploti, mlinzi wa getini, katika kile kipindi cha Bi Kathini na wapangaji wake. Waendesha bodaboda humwona toka ng'ambo ya barabara wakapaza sauti: "Chururu! Moyo wangu mweupe!" Naye huinua mkono, kwa sababu mteja ni mteja hata kama hanunui kitu siku hiyo.

Alizaliwa Chawia, juu kule milimani ambako ukungu huingia nyumbani bila hodi. Babake alikuwa na shamba dogo la mteremko, migomba, mahindi na ng'ombe wawili. Mamake, Margaret, alikuwa na kaka mmoja tu, Obadiah, na huyo Obadiah ndiye kisa chenyewe, maana Sylus hakuwahi kuwa na kitu cha kuuza ila alichokichukua kwake.

Kabla ya runinga Sylus alikuwa muuzaji wa vitambaa. Alishuka Voi akiwa na miaka kumi na tisa, akaajiriwa kubeba majora kwenye duka la Munir, mtu wa asili ya pwani, duka la tangu enzi za baba yake. Mwaka wa pili alikuwa tayari yuko kaunta. Alikuwa na njia yake ya kuuza. Mteja akiingia, Sylus alimsikiliza kwanza: anavuta wapi maneno, anayameza wapi, anapanda wapi. Kisha alimtajia bei kwa sauti ya mteja mwenyewe. Mama wa Sagalla mwenye kulalamika aliambiwa bei kwa malalamiko yaleyale. Mwalimu mstaafu aliambiwa kwa kukohoa na kushusha miwani. Watu walicheka, wakanunua. Mtu akijisikia mwenyewe akitaja bei, hana nguvu ya kuikataa.

"Sylus bwana," Munir alimwambia siku moja, akikunja kanga, "wewe si muuzaji. Wewe ni kasuku ajuaye hesabu."

"Kasuku halipwi, Bwana Munir."

"Ndio maana nakupa mshahara, usije ukaruka. Lakini sikiliza neno langu. Sauti ya mtu ni kama nguo yake. Na nguo ya kuazima, wajua wenyewe wasemavyo, haisitiri matako."

Sylus alicheka, akamrudishia maneno hayohayo kwa sauti ya Munir, mpaka na vile avutavyo pua. Munir hakucheka siku ile. Alikunja kanga nyingine.

Ilitokea watu wa kupiga picha wakaja Voi kutengeneza tangazo la sabuni. Waliingia dukani kutafuta kitambaa cheupe, na kati yao alikuwamo msichana mmoja, Kavinya, wakati huo kazi yake ni kushika karatasi za wenzake. Alisimama nusu saa nzima akimtazama Sylus akiuza. Miezi minane baadaye alipiga simu kutoka Nairobi. Kuna kipindi kinaanza, alisema. Kuna soja wa getini, ana sehemu moja tu, sentensi mbili. Nauli tutarudisha.

Sehemu yenyewe ilikuwa hivi: soja anakunywa chai getini, Bi Kathini mwenye ploti anatangaza kwamba kodi imepanda, soja anashtuka. Kwenye karatasi iliandikwa neno hilo moja, "anashtuka". Kijana aliyejaribu kabla yake alishtuka vizuri, akaangusha kikombe. Sylus alipopewa kikombe alijua kwamba kushtuka ni bidhaa ya kila duka. Lazima utoe kitu ambacho jirani hana. Akavuta chai mdomoni, akavimbisha mashavu, akatulia. Akatulia mpaka watu wote mle ndani wakasikia pumzi zao. Kisha akaipuliza yote juu ya shati la mpangaji lililopigwa pasi, akakohoa mara moja, akagonga chini mara mbili kwa rungu, na kusema kwa sauti nzito, sauti ya mzee aliyekaa na ukungu: "Moyo wangu ni mweupe. Kilichokuwemo nimekitoa. Kiende, kisirudi."

Mpiga picha aliiweka kamera chini, akaketi sakafuni kwa kicheko. Ile sehemu ya sentensi mbili ikawa miaka kumi na moja.

Haikuwa kazi yake, hata chembe. Ilikuwa ya Obadiah.

Wadawida, watu wa milima hiyo, wana jambo lao la zamani, kutasa. Mtu akiwa na hasira juu ya mtu wake, hata asipoitamka, hasira ile hukaa ndani ya ukoo kama moshi chini ya paa, na itamfikia mtoto, au mbuzi, au shamba. Basi mwenye hasira hujaza kinywa maji, au maji ya miwa, au pombe kwa ambao kanisa halijawakataza, akayapuliza nje, akatamka kwamba moyo wake umekuwa mweupe. Maji yanatoka na hasira. Ukiyameza, hasira umeibakiza. Wapo wasemao hayo yamepitwa na wakati, na haohao, ndugu wakigombania mpaka wa shamba, hutuma mtu kimyakimya kwa mzee anayejua.

Chawia yote mzee anayejua alikuwa Obadiah. Mtu mfupi, sauti kubwa kuliko kifua chake. Alikohoa mara moja, akagonga fimbo chini mara mbili, akajaza kinywa, akakaa na yale maji muda ambao wote waliokuwapo waliuogopa. Akipuliza hakutema kama atemaye uchafu. Alinyunyiza, kama mtu anyweshaye miche.

Sylus alipokuwa na miaka tisa aliugua homa wiki mbili. Ikajulikana kwamba Obadiah alikuwa na kinyongo na babake Sylus juu ya fahali mmoja. Margaret alikwenda kwa kaka yake kwenye mvua, akasimama tu mlangoni. Obadiah akaja. Matone yalimwangukia mtoto usoni, baridi, yananukia muwa, na ile sauti ikasema juu yake kama paa linavyosema mvua ikianza. Asubuhi Sylus alikula viazi vitatu. Kama ni kutasa au ni vidonge vya zahanati, Margaret hakuuliza. Alishukuru pande zote mbili.

Hiyo ndiyo sauti aliyoipeleka Nairobi.

Kipindi kilipoanza kuonyeshwa, Derrick, mtoto wa Obadiah, alinunua runinga ya kwanza pale kijijini, na majirani wakajaa. Chururu akatokea. Akapuliza. Nyumba ikaangua kicheko. Obadiah alitazama mpaka mwisho, akainuka, akaenda kuwafunga mbuzi. Sylus alipopewa habari kwa simu aliuliza, "Alisema nini?" Akaambiwa, hakusema kitu. Akaridhika. Dukani, mteja asiyesema kitu ni mteja anayekubali. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu kwao kunyamaza kwa mzee si kukubali. Ndicho kitu chenyewe kinachofanya watu watafute maji.

Mwaka wa tano wa Chururu babake Sylus alifariki. Watu walikuwa wengi kwenye maziko, na nusu yao, tusidanganyane, walikuja kumwona Chururu. Baada ya kaburi kufunikwa, ndugu wawili wa marehemu wakabaki nyuma kwa sababu ya mpaka wa shamba, na wazee wakasema jambo hilo lisilale. Obadiah akaitwa. Akaja katikati, akakohoa mara moja. Akagonga fimbo mara mbili. Akajaza kinywa.

Mtu mmoja akacheka.

Nani, Sylus hajawahi kumwambia mtu. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani. Lakini kicheko msibani ni kama moto kwenye nyasi za Januari. Mwanamke akakidaka, akaziba mdomo kwa leso. Kijana akasema "Chururu!" kwa sauti ya chini, na hapo uwanja wote ukaenda, wazee kwa watoto, hata wale ndugu wawili wenye ugomvi. Obadiah alisimama mashavu yamevimba, macho yakizunguka toka mtu hadi mtu, kama anayetafuta mlango. Kisha akameza.

Kila aliyejua aliona koo lake likishuka. Akaweka kibuyu chini kwenye udongo mpya, akapita katikati yao, akaenda nyumbani. Tangu siku ile hakuna aliyemwita tena kutasa. Si kwamba walimdharau. Walijiogopa wenyewe, kwamba watacheka.

Sylus naye mjomba wake hakumsemesha tena.

Sasa, Sylus si mtu wa kulia juu ya jambo. Ni mtu wa kuuliza, bei gani. Alimpelekea mbuzi, mbuzi akarudi na Derrick kwenye bodaboda, miguu imefungwa vizuri, na salamu hakuna. Alipeleka mabati. Mabati yakaezeka jiko la kanisa. Mara ya tatu akafikiria vizuri zaidi. Bomba la Chawia lilikuwa likitoa hewa tu miezi na miezi, na Mkawasi, mke wa Obadiah, alikuwa akibeba maji kutoka kijito cha chini, mtu wa umri wake. Akanunua tangi jeusi la lita elfu tatu, akalipandisha mlimani kwa gari la kukodi. Mzigo kama huo haurudishwi kwa bodaboda.

Haukurudishwa. Tangi liliwekwa pembeni mwa nyumba, na halikuunganishwa. Mvua nne zikapita, za masika na za vuli, maji yakimwagika kutoka paani hatua tatu tu kutoka kwenye tangi tupu, na Mkawasi akiendelea kuteremka kijitoni. Watu waliopita waliliona. Lilikuwa jibu lenye kimo cha mtu.

Hapo Sylus akaanza kuogopa. Kitu kidogo kilianza kumtokea akiwa Voi peke yake. Akikohoa asubuhi, anasikia kikohozi si chake. Akigonga mlango wa jirani, mkono unagonga mara mbili na kusimama. Alijaribu kuongea na simu kwa sauti yake mwenyewe, akaitafuta, na ilichukua muda kuipata, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uliotoboka. Kipindi kilikuwa kimefungwa wakati huo, na Chururu hakuwa na kazi, lakini hakuondoka.

Alikwenda dukani kwa Munir, ambaye sasa ni mzee wa kukaa kwenye kiti mlangoni.

"Nimepeleka kila kitu, Bwana Munir. Hataki kupatana."

"Umempelekea ulivyo navyo wewe," Munir alisema. "Alichopoteza yeye umempelekea?"

"Sasa hicho nitakitoa wapi?"

"Mimi sijui. Lakini fanya haraka. Mtu mzima yule. Na maiti, mwanangu, hapunguzi bei."

Mwaka huu mwezi wa pili mambo mawili yalikuja kwa juma moja. Kavinya, ambaye siku hizi ndiye dairekta mwenyewe, alipiga simu: kipindi kinarudi, watu wa matangazo wanamtaka Chururu na chai yake, kazi inaanza Jumatatu ya tatu. Sylus akasema ndiyo kabla hajamaliza kusikia. Siku nne baadaye akapiga Margaret.

"Sylus, mjomba wako ameanguka. Kiharusi. Upande mmoja umekufa, na mdomo umekwenda kando."

"Anaongea?"

"Anatoa sauti. Mkawasi ndiye anayemwelewa. Sasa nisikilize vizuri mwanangu. Amesema uje."

Sylus alikuwa amengoja neno hilo miaka mingi, na lilikuja pamoja na habari ambayo ililifanya bure. Mdomo umekwenda kando. Mtu huyo hawezi kushika maji kinywani, seuze kuyapuliza. Ile hasira ilikuwa imefungiwa ndani na mlango umevunjika.

Alipanda Chawia Jumamosi, kazi ya Nairobi ikiwa imebaki siku mbili. Derrick alikuwa amesimama karibu na tangi.

"Chururu amefika," Derrick akasema, si kwa kucheka. "Umekuja na kamera ama ziko njiani?"

"Kaka, nimekuja kwa kuitwa."

"Kaka." Derrick alitazama kando. "Unajua baba alikuwa akitoka kila Jumapili anaweka fimbo hapa mlangoni, tayari? Akingoja mtu aje kumwita. Miaka yote hiyo. Hakuna aliyekuja. Ingia basi. Anakungoja wewe, sijui kwa nini."

Ndani walikuwamo Margaret, Mkawasi, mwinjilisti wa mtaa aliyekuwa ameshaomba na sasa amekaa kimya kama mgeni mwenye adabu, na jamaa wengine saba au wanane. Obadiah alikuwa ameegemezwa mito. Jicho moja lilikuwa hai. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umeshuka kama shuka lililoanguka kutoka kwenye kamba. Miguuni pake kulikuwa na kibuyu cha maji ya miwa.

Mzee akatoa sauti. Mkawasi akainama, akasikiliza, akasikiliza tena kana kwamba hakuamini.

"Anasema hivi," Mkawasi akasema. "Anasema ana neno juu yako na anataka litoke kabla hajaenda. Lakini kinywa hana. Anasema kinywa chake unacho wewe. Ulikichukua. Basi uketi hapa, uliseme la kwake kwa kinywa chake."

Jamaa wakatazamana. Haijawahi kusikika mtu aliyekosewa akatasa kwa kinywa cha mkosaji.

"Mjomba, siwezi," Sylus akasema. "Watacheka."

Jicho lilimtazama tu.

Akakaa. Akachukua kibuyu. Akakohoa. Akajaza kinywa, akapuliza, akasema kwa Kiswahili, kama alivyozoea: "Moyo wangu ni mweupe. Kilichokuwemo..."

Alikuwa Chururu. Mabega yalipanda yenyewe, jicho moja likafinywa, sauti ikaruka pale mwisho ambapo siku zote iliruka. Binamu mmoja akapiga chafya ya kicheko. Mwingine akauma kiganja. Margaret akafunika uso wake.

"Hapana," Mkawasi akasema, na alikuwa na hasira. "Huyo ni wa runinga. Mzee hakutasa hata siku moja kwa Kiswahili. Sema kwa lugha yake."

Sylus hakuwa amefikiria hilo kamwe. Miaka yote ile aliipeleka sauti sokoni, lakini lugha aliiacha nyumbani, kwa kuwa Nairobi haikuwa na mnunuzi wake. Akafuta kidevu. Akakohoa mara moja. Fimbo ya mzee ilikuwa imeegemezwa kitandani. Akaichukua, akagonga mara mbili. Akajaza kinywa, na safari hii alikaa na yale maji mpaka akasikia pumzi zao, na ndani ya kimya kile mtu aliyekuwa akimwigiza kwa miaka yote aliingia na kuketi.

Akapuliza. Akasema kwa Kidawida.

Margaret aliinua kichwa, akasema "Kaka!" na hakuwa akitazama kitandani. Derrick, aliyekuwa mlangoni, akavua kofia. Ilikuwa sauti ya Obadiah wa miaka arobaini iliyopita, yenye kifua kizima, na ilijaza chumba mpaka kwenye bati. Ilisema, nina neno juu ya mtoto wa dada yangu. Ilisema, alichukua cha kwangu akaenda kuwachekesha watu ambao hawanijui, na hilo ningelimeza, kila mtu hula kwa jasho lake. Alijaza tena kinywa, akapuliza kulia na kushoto. Maneno aliyajua mpaka hapo, ni maneno ambayo yeyote angeyasema kwa niaba ya mzee. Kisha sauti ikaendelea, na Sylus akaisikia kama mtu mwingine asikiavyo.

Ilisema: lakini siku ya kumzika baba yako nilikutazama wewe. Nilikutazama kwanza wewe, kabla ya wote, kwa sababu nilijua wewe utanisitiri. Na aliyecheka wa kwanza ulikuwa wewe.

Sylus alikuwa ameishika siri hiyo miaka mingi. Hata usingizini hakuisema. Kicheko kilimtoka puani siku ile kwa sababu alimwona mjomba wake akivimbisha mashavu, na kwa nukta moja akaona ni yeye Chururu mwenyewe, na kwamba mzee anamwigiza vibaya. Ndivyo alivyofikiri. Kwamba mzee ndiye anayeigiza.

Jicho la Obadiah lilikuwa likitoa maji. Lakini upande ule mwingine pia ulikuwa ukitoa maji, kwa ugonjwa, kwa hiyo asiseme mtu kwamba alilia.

Sylus alijaza kinywa mara ya mwisho. Akapuliza juu ya mikono yake mwenyewe, akajipaka usoni. Maji baridi, yananukia muwa. Akasema, kwa ile sauti, moyo wangu ni mweupe, kilichokuwemo nimekitoa, kiende, kisirudi. Hakuna aliyecheka.

Mzee akatoa sauti fupi. Wote wakamgeukia Mkawasi.

"Anasema tangi," Mkawasi akasema.

"Tangi limefanya nini?"

"Anasema liunganishwe."

Derrick alitoka. Baada ya muda mfupi wakasikia nyundo. Alikuwa akipigilia gata la kupeleka maji tangini kwenye ukingo wa paa.

Watu wangependa kisa kiishie hapo, lakini Sylus alikuwa na mkataba. Jumapili alipanda treni, Jumatatu saa nne alikuwa getini kwa Bi Kathini amevaa koti kuukuu la Chururu, rungu mkononi. Kikombe kikaja. Kavinya akasema eksheni. Sylus akavuta chai, akavimbisha mashavu, akatulia, na wale vijana nyuma ya kamera walikuwa wameshaanza kutabasamu.

Akameza.

"Samahani," akasema. "Turudie."

Walirudia mara nane. Mara nane chai ilifika mdomoni ikashuka tumboni. Alijilazimisha, akafikiria shati la mpangaji, akafikiria mpiga picha wa siku ile ya kwanza aliyeketi sakafuni. Koo lilishuka lenyewe. Walibadilisha chai wakaweka maji, kisha soda. Mara ya tisa, kwa kuona aibu, aliamua kusema tu yale maneno bila kupuliza kitu, na akayasema. Bi Kathini, mwigizaji wa miaka mingi, alirudi nyuma hatua mbili. Sauti iliyotoka haikuwa na mzaha hata kidogo. Mtu wa taa akasema baadaye kwamba alidhani kuna mtu amefariki.

Kavinya alimchukua kando.

"Mzee Sylus, unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Ni malipo? Sema tu. Tunaweza kuongea."

Hapo ndipo Sylus angepandisha bei. Mtu anapoanza yeye kutaja malipo, umeshamshika, hilo hata mbeba majora anajua.

"Si malipo," akasema. "Mali yenyewe sinayo. Nimemrudishia mwenyewe."

Kavinya si mkatili, ila alikuwa kazini. Wiki iliyofuata Chururu alipata mtu mwingine, kijana mwembamba aliyejifunza kutoka kwenye klipu za zamani, na anachekesha, wanasema, si haba. Hajui anamwigiza nani. Anadhani anamwigiza Sylus.

Obadiah alifariki mvua za masika zikiisha. Maji ya kupikia waombolezaji yalitoka kwenye tangi, na yalitosha watu wote. Mchana, baada ya kufukia, Sylus alishikwa na kiu. Akachota kikombe, akakiinua, ndipo akakumbuka wapo watu. Wakanyamaza, kama kawaida. Lakini walinyamaza vingine. Derrick alikuwa ameinamisha kichwa. Mwanamke aliyeziba mdomo kwa leso kwenye msiba wa babake Sylus alikuwa amefumba macho. Walikuwa wakingoja aseme neno, na wote waliogopa lingekuwa juu ya nani. Sylus alisimama na kikombe, akatamani mmoja wao acheke.

Akamimina yale maji chini, taratibu, akakirudisha kikombe.

Ameshaitwa mara tatu tangu hapo. Mara ya kwanza ni ndugu wawili wenye mpaka, walewale wa zamani. Mara ya pili mama na binti yake. Ya tatu ilitoka mbali zaidi, watu wasiomjua ila kwa runinga, na mjumbe wao alimkuta Voi, akasimama mbele yake kofia mkononi, akaona haya hata kumwita Chururu. Alikwenda zote tatu. Alikohoa mara moja, akagonga mara mbili, na sauti ikaja ilipoitwa, ikasema mengine aliyoyajua na mengine ambayo hakuyajua. Akirudi nyumbani hukaa kitandani muda mrefu bila kuzungumza, akingoja isikike kwanza ya kwake, na siku nyingine haisikiki.

Walimuuliza, wote watatu, wampe nini. Na Sylus Mwashigadi, ambaye hajawahi kuuliza njia bila kupatana, hakutaja bei. Si kwamba amekuwa mtakatifu. Mtu hauzi kitu kabla hajajua mali ni ya nani.